Tunaosimama Nao

Ukipenda boga, penda na ua lake, ndivyo nilivyofundishwa. Mimi nilipenda boga, ua likaletwa kwa ndege kutoka Wales, kisha boga likafa. Nikabaki na ua peke yake, hapa sebuleni kwangu Brooklyn Park, Minnesota, limejifunika blanketi la sufu, linauliza kama kuna chai iliyobaki.

Nasema juu ya mavyaa wangu. Mume wangu alikuwa Mwelisi, na ole wako umwite Mwingereza, angesusa hata chakula. Mimi ni Mkenya wa Vihiga, nesi kwa kazi. Tulikutana kwenye kwaya moja ya mjini, ambako sisi wawili tu ndio tuliosoma muziki kwa do-re-mi za zamani, zile tulizofundishwa na walimu wa kanisa, mimi kwetu na yeye kwao. Tukaoana. Baba yake alipofariki akamleta mama yake akae nasi. “Kidogo tu,” alisema. Majira ya baridi ya mwaka juzi alitoka kuondoa theluji mbele ya gereji, moyo ukasimama palepale, koleo mkononi. Hakuacha neno lolote kuhusu mama yake. Angeacha neno, ningepata la kubishana nalo.

Basi hakuna aliyeniambia nikae na mama wa mtu, na hakuna aliyeniambia nisikae. Kwenye kanisa letu la Wakenya, mama mchungaji alinisimamisha mbele ya watu akasema, mtazameni, huyu ndiye mkwe! Watu wakapiga makofi na vigelegele. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma. Moyoni nilikuwa nasema, haya, wamenifungia mlango kwa nje na ufunguo wameenda nao. Maana ukishapigiwa vigelegele kwa jambo, utaliachaje?

Nami nina mama yangu. Yuko Vihiga, kwa kaka yangu. Alianguka akavunjika nyonga, na tangu hapo akili nayo ikaanza kuteleza. Siku nyingine tunaongea kwenye simu huku ananiona, anacheka, ananiuliza kama nimekula. Siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa sisi tukiwa wadogo. Na kila akinijua, kabla hatujaagana, lazima aseme, “Mtunze huyo mama wa mwenzio.” Nilichotaka mimi ni kimoja tu: nifike nyumbani nikae naye, nimwogeshe, nimpikie, wakati bado anajua ni mimi. Si kwenda kumzika. Kuzika hata majirani wanaweza. Lakini kila nikiwaza safari naangalia kitini, namwona huyu mwingine. Nilikuwa namkata kucha mama wa wenyewe, na kucha za mama yangu zinakatwa na mke wa kaka, tena kwa manung’uniko. Haki, iliniuma. Kuna siku nilijifungia bafuni, nikafungua bomba, nikalia na taulo mdomoni.

Mavyaa hakuwa mtu mbaya, tuelewane. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika. Alikuwa mpole, msafi, hasahau kushukuru. Siku ya kwanza alipofika aliniambia nimwite kwa jina lake. Mdomo wangu ukakataa kufunguka, kwetu huwezi kumwita mama wa mume jina lake hivi hivi, basi nikamwita Mama, naye akaniita mwanangu. Hapo ndipo nilipojifunga kamba ya kwanza, mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Kamba nyingine nilifungwa na Wawelisi wenzake. Ni wachache mjini hapa, wengi wazee, lakini kwa mikutano, jamani! Kuna chai ya kila mwezi. Kuna darasa la Kiwelisi siku za Alhamisi. Kuna kuimba tenzi, ambapo mume na mke wanatenganishwa, kila mtu aketi na wenye sauti yake, na ubeti wa mwisho ukiwakolea wanaurudia na kuurudia hadi chai inapoa. Mwanzo wa Machi wanamsherehekea mtakatifu wao, na watu wazima wenye akili timamu wanajibandika kitunguu cha majani kifuani, kizima na mizizi yake. Mara ya kwanza nilidhani bwana mmoja ametoka sokoni akakisahau.

Na kwa hayo yote dereva ni nani? Ni mimi. Mpishi wa vile vikeki vyao vya zabibu kavu, vinavyogeuzwa juu ya chuma cha moto, ni nani? Ni mimi, kwenye kikaango changu cha chapati, na kwa vile vilitoka vizuri mara moja, ikawa ndiyo kazi yangu daima dumu. Natoka shifti, na-drive hadi Saint Paul kwenye barafu, nasalimia, naimba alto, nasikiliza mzee akinieleza kwamba kwao milima ni ya kijani. Kwani kwetu ni ya zambarau? Narudisha mtu nyumbani, namvua viatu, nalala. Kanisani kwangu nikawa mgeni. Watu walianza kuniuliza kama nilihama.

Siku ya Alhamisi tu ndiyo nilipumua. Mavyaa alikuwa akichukuliwa na mzee mmoja na mkewe wanaoishi mji wa Savage, watu wa bonde lilelile la kwao. Mume ni seremala mstaafu, na sauti yake ya besi inatikisa vikombe mezani. Walimchukua mchana, wakamrudisha jioni. Sikuuliza baada ya darasa walikuwa wanakaa wakifanya nini. Mimi nililala.

Shughuli kubwa kuliko zote huja kabla ya Krismasi. Wanaiita plygain. Zamani kwao iliimbwa alfajiri, lakini hapa wanaiweka alasiri, maana giza na barafu vikikutana wazee hawatoki. Hakuna kinanda, hakuna kiongozi, hakuna wa kutangaza. Mishumaa inawashwa, watu wanakaa kimya. Kisha kikundi kimoja, watu wawili au watatu, mara nyingi wa nyumba moja, wanainuka wenyewe na kwenda mbele. Mmoja anagonga uma mdogo wa chuma ili wapate noti, wanaimba wimbo wao wa Krismasi wenye beti nyingi zisizo na haraka, wanarudi kuketi. Makofi hakuna. Kikundi cha pili kinainuka. Wote wakiisha, wanaanza mzunguko mwingine kwa zamu zilezile, na wimbo ukishaimbwa haurudiwi na yeyote. Wazee wa hapa wana jambo moja zaidi wanalolishikilia sana: mtu husimama na kikundi kimoja tu. Ukitaka kujua nani ni wa nani kati ya Wawelisi wa mji huu, huna haja ya kuuliza. Nenda ukaangalie nani anainuka na nani.

Sisi tulikuwa watatu. Mavyaa sauti ya kwanza, mimi ya pili, mume wangu besi. Alipokufa tulibaki wawili, na nyimbo zetu zikabaki na shimo chini. Mwaka jana tuliziimba hivyohivyo. Mwaka huu tukafanya mazoezi jikoni, mimi nikigeuza vikeki, yeye akipiga mapigo mezani kwa kijiko, akifika pale pa besi anatazama chini.

Safari hii nilikuwa na siri. Nilikuwa nimempatia mavyaa chumba kwenye nyumba ya wazee, mahali pasafi, manesi wa pale nawajua. Kingekuwa wazi baada ya mwaka mpya. Kaka yangu alikuwa amenipigia simu. “Kama unakuja, njoo sasa,” alisema. “Leo mama ameuliza kama aliwahi kuzaa msichana.”

Nikaamua. Baada ya plygain, tukiwa kwenye gari, nitamwambia mavyaa. Nisimwambie kabla, nikamharibia wimbo. Wiki nzima nilifanya mazoezi ya hotuba kuliko ya wimbo. “Mama, unajua vile nakupenda…” Nikifika hapo nakwama, naanza upya. Nilijiona kama mtu anayetafuta maneno mazuri ya kumtupia mwenziwe virago nje.

Kanisa lenyewe liko mtaa wa Phillips, dogo, la matofali. Jumapili asubuhi hutumiwa na Wakongomani, na ngoma zao huachwa pembeni zimefunikwa shuka. Shemasi wao mmoja alikuwa amekuja kuwasha joto, akaamua kuketi nyuma kabisa aone hawa wengine wanavyosali. Nikamsalimia, nikamweka mavyaa kwenye benchi la mbele yake, karibu na njia kwa sababu ya mkongojo.

Mzunguko wa kwanza ulienda salama. Zamu yetu ilipofika nilimshika kiwiko, tukaenda mbele, akagonga uma, tukaimba. Sauti yake ina kutu lakini haikosei. Nilikaza macho kwenye mshumaa nikajiambia, huu ndio mwaka wa mwisho, na badala ya kufurahi nikatamani beti ziongezeke. Tukarudi tukaketi.

Ukaja mzunguko wa pili. Wale wa Savage ndio waliokuwa mbele yetu kwa zamu. Wakainuka. Na mavyaa naye akainuka.

Nikajua ni choo. Mimi nimeuguza wazee kwa miaka, na mzee akiinuka ghafla katikati ya ibada huulizi, unamfuata. Nikanyakua mkoba wake, ule wenye nguo za kubadilisha na nepi za wazee, nikatoka nyuma yake. Lakini vyoo viko nyuma na yeye alikuwa anaelekea mbele. Woi, nikafikiri, huyu naye akili imeanza kwenda. Nikaongeza mwendo ili nimgeuze kwa adabu, bila kelele. Nilimfikia mbele kabisa, kwenye mishumaa, na nilipotaka kumshika mkono, seremala akagonga uma wake. Akavuma noti. Mkewe akachukua yake. Mavyaa akachukua yake.

Walikuwa watatu, na mimi wa nne na mkoba.

Ningefanya nini? Kugeuka niwape waimbaji mgongo wimbo ukiwa umeanza ni aibu. Kuimba siwezi, wimbo siujui. Kuniashiria niketi hakuna wa kuniashiria, maana si nimesema hawana kiongozi? Nikasimama. Ubeti ukaisha, ukaanza mwingine. Nimekumbatia nepi, Wawelisi wote wa Minnesota wananitazama kwa heshima zao, hakuna hata mmoja anayecheka, na afadhali wangecheka. Kila nikidhani wamefika mwisho wanavuta pumzi na kuanza tena. Jasho lilinitoka na nje ni barafu. Nimewahi kukwama kwenye lifti ya hospitali, na lifti ilikuwa na nafuu.

Kisha nikaanza kusikia. Besi ya yule seremala ilikuwa imekaa chini ya sauti ya mavyaa, palepale penye shimo, na ile sauti ya kutu ilikuwa imetulia juu yake. Jikoni kwangu hakuwahi kuimba hivyo. Wala hawakutazamana, kila mmoja alijua mwenzake atavuta pumzi wapi. Huo ulikuwa wimbo wa Alhamisi nyingi. Kumbe ndicho walichokuwa wakifanya mimi nikiwa nimelala! Nikapandwa na hasira, na nyuma ya hasira wivu. Wivu juu ya mtu ambaye nilikuwa nimeshamtafutia chumba cha kumpeleka. Hebu nieleze, hiyo ni akili gani?

Walipomaliza, mavyaa alitembea nao hadi kwenye benchi lao akaketi katikati yao. Nikarudi kwetu peke yangu. Zamu iliyofuata ilikuwa yetu.

Kanisa likanyamaza. Hakuna aliyegeuka kunitazama, wana adabu sana, walitazama mbele na kungoja. Nilimtazama mavyaa kisogoni, ile shungi niliyomchana mwenyewe asubuhi. Hakugeuka. Shemasi akainama akaninong’oneza kwa Kiswahili cha kwao, “Dada, banangoja nani?”

“Mimi,” nikamwambia.

Akarudi nyuma. Sikuinuka. Ningeenda kuimba sauti ya pili ya nini? Halafu familia iliyokuwa inatufuata ikainuka taratibu, ikaenda mbele, ikaimba. Zamu yetu ikapita. Pale ndani kila mtu alikuwa ameelewa.

Mwishoni wanaume wote walienda mbele kuimba wimbo wa kufunga, kisha tukashuka chini kwenye supu ya kondoo. Sikuionja. Niligawa vikeki kama mtu anayegawa adhabu. Yule mke wa seremala alinishika mkono akataka kusema kitu, nikamwambia nipishe nichukue koti la Mama.

Nje nilikwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nikaingia nikabamiza mlango.

“Mama, ungeniambia,” nikasema. “Unaniacha nasimama pale mbele na mkoba kama mlingoti!”

“Sikujua kama miguu itakubali kuinuka,” akasema. “Na wewe nani alikuambia unifuate?”

“Nilidhani unaenda choo!”

Akacheka. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili na gari halijawashwa. Aliponiona akairudisha miwani usoni.

“Wananiita nikakae nao tangu kiangazi,” akasema. “Wana chumba kisicho na ngazi. Tunaongea lugha yetu kutwa. Kwako naongea Kiingereza tangu naamka, mwanangu, na ikifika jioni nimechoka kama niliyelima.”

“Sasa mbona hukwenda?”

“Ningekuachaje? Nilikuwa nakusikia bafuni. Bomba halizibi kilio, ukuta wenyewe ni mwembamba. Nikasema nikiondoka huyu mtoto atabaki peke yake katika ile nyumba. Basi nikakaa. Uliniuliza kila kitu. Nataka supu au mkate, dirisha lifungwe au liachwe. Hukuniuliza kama nataka kukaa.”

Ile hotuba yangu ya wiki nzima ilipotelea mbali. Nikatoa yote hovyohovyo: nyumba ya wazee, chumba, kaka yangu, mama yangu anayeuliza kama aliwahi kuzaa msichana. Nilikuwa nalia na kamasi, hata tishu sikutafuta, nilitumia glavu. Nilingoja akasirike. Ningefurahi sana angekasirika.

“Mama yako anataka uende?” akauliza.

“Ni mama yangu!”

“Najua ni mama yako. Nimeuliza kama anataka.”

Kaka alisema niende. Mke wa kaka kila siku anasema, kwa mdomo na kwa sufuria. Moyo wangu mwenyewe ulisema. Lakini mama nilikuwa nimempangia safari, chumba cha kulala naye, hata sabuni ya kumwogeshea, na neno moja sikuwahi kumuuliza. Yeye alisema mtunze mama wa mwenzio, nami kila mara nilisikia, usije.

“Muulize kwanza,” akasema mavyaa, akafunga mkanda. Nikawasha gari, tukarudi Brooklyn Park, sisi wawili ambao kila mmoja alikuwa amemfunga mwenzake na kudhani ndiye aliyefungwa.

Asubuhi yake, kule kukiwa jioni, nikapiga simu. Kaka akaiegemeza kwenye chupa ya chai, akatoka kwenda kukamua. Ilikuwa siku nzuri, mama alinijua. Akaniuliza kama nimekula, nikamwambia nimekula.

“Mama,” nikasema, “unataka nije nikae nawe?”

Aligeuka akatazama mlangoni, akatazama na upande wa jikoni ambako mke wa kaka alikuwa anagongagonga vyombo. Kisha akausogeza uso karibu na simu mpaka nikawa naona jicho moja tu.

“Nataka,” akanong’ona. “Nataka sana. Lakini usiwaambie nimesema.”